Wakalimani wa Rasi

Mwezi wa Aprili mwaka 1652, Jan van Riebeeck alipotia nanga katika ghuba iliyo chini ya Mlima wa Meza, kwenye Rasi ya Tumaini Jema, naye ameagizwa na Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya Hindi ajenge kituo cha kuzipatia merikebu zake maji, mboga na nyama, hakuweza kununua hata kondoo mmoja pasipo mtu wa kusimama baina yake na wenyeji wenye mifugo. Na mtu huyo alipopatikana, ulimi aliokuja nao ulikuwa wa Kiingereza cha kuokoteza. Jina lake aliitwa Autshumato, mkuu wa kundi dogo la Wakhoikhoi wa pwani wasiokuwa na ng'ombe wengi, na Waingereza wakimwita Harry. Karibu miaka 20 kabla ya hapo merikebu ya Kiingereza ilimchukua mpaka Bantam katika kisiwa cha Java, kisha ikamrejesha kwao, akawa wakili wa mabaharia na mtunza barua zao katika Kisiwa cha Robben, kwani zama zile waendao Hindi waliacha barua Rasini ili zichukuliwe na warudio Ulaya. Basi tangu mwanzo wa mambo, lugha za mataifa mawili yaliyokuja kuigombea nchi ile zilikutana katika kinywa cha Mkhoikhoi, aliyesema moja ili aeleweke na wenye ile ya pili.

Nimeianzia mbali habari hii kwa kusudi. Mtu wa leo mwenye hati ya Kiafrikana mkononi, iwe cheti cha ndoa ya wazazi wake, hukumu ya mahakama au mkataba wa shamba, anapotafuta mfasiri mwenye sifa wa kuitia katika Kiingereza, huelekea kudhani kwamba kazi hii ilizaliwa na wenye lugha hizo mbili, Makaburu na Waingereza, waliopatana baada ya vita wakaamua kusomana. Ilhali kwa muda mrefu sana, mahali ambapo neno moja liliweza kumpokonya mtu mifugo, ardhi au roho yake, aliyesimama katikati alikuwa mtu wa tatu, ambaye lugha ya mama yake haikuwa na kiti barazani.

Krotoa, mpwa wa Autshumato, aliingia nyumbani kwa Van Riebeeck akiwa mtoto wa miaka kumi hivi, akatumishwa kazi za ndani na malezi ya watoto, akajifunza Kiholanzi barabara na Kireno kiasi, hata ikawa hapana shauri la ng'ombe, la malisho wala la suluhu lililopita bila yeye kuitwa. Waholanzi walimpa jina la Eva. Katika ngome ya Waholanzi alivaa nguo zao, na alipotoka kwenda kwa jamaa zake alizivua akavaa ngozi kwa desturi ya kwao, jambo ambalo wenyeji wake wa Ulaya waliliandika katika shajara yao kama ajabu, wala hawakutambua kwamba ndilo sharti la kwanza la kazi waliyompa. Mshindani wake alikuwa Doman, ambaye Kampuni ilimpeleka Batavia mwaka 1657 ili Kiholanzi chake kikomae. Kilikomaa kweli, walakini Doman alirudi mwaka uliofuata ameona kwa macho yake jinsi Waholanzi walivyowatawala watu wa Java, na mwaka 1659 ndiye aliyewaongoza Wakhoikhoi vitani, akichagua siku za mvua kwa kuwa alijua bunduki za adui zake haziwaki zikilowa. Doman akimlaumu Krotoa hadharani kuwa ni mtetezi wa Waholanzi. Waholanzi nao wakimshuku Autshumato kwa kila ng'ombe aliyepotea, wakamhamishia Kisiwa cha Robben kama mfungwa mwaka 1658, akatoroka kwa mashua iliyovuja. Krotoa alibatizwa mwaka 1662, akaolewa mwaka 1664 na tabibu wa Kampuni, akafiwa na mumewe, akatupwa na walimwengu wote wawili, akafa mwaka 1674. Wakalimani watatu wa kwanza wa Rasi, na hapana hata mmoja aliyeaminiwa mpaka mwisho na upande wowote.

Chini ya Kampuni, kwa muda wa karne moja na nusu, Kiholanzi cha Rasi kilibadilika taratibu katika vinywa vya wakulima wa bara, vya Wakhoikhoi waliotumikishwa mashambani, na vya watumwa walioletwa kutoka Java, Bengal, Madagaska na Msumbiji; kikapukutisha minyambuliko mingi ya vitenzi vyake, kikapokea maneno ya Kimalei na Kireno, mpaka kikawa lugha ya pekee, ndiyo Kiafrikana cha leo, iliyosemwa na kila mtu nyumbani na kudharauliwa na kila mtu mbele ya karatasi. Waingereza, walioiteka Rasi mwaka 1795, wakairudisha mwaka 1803, wakaiteka tena mwaka 1806 na kumilikishwa kwa mkataba mwaka 1814, walikuta serikali, kanisa na mahakama vyote vinaandika Kiholanzi cha Ulaya, na kwa miaka kadhaa waliacha mambo yaende hivyo, maana watu wao walikuwa wachache. Aliyeukata uzi ni Gavana Lord Charles Somerset, ambaye kwa tangazo la tarehe 5 Julai 1822 aliamuru kwamba Kiingereza kianze kutumika peke yake katika ofisi ya Katibu wa Koloni, kisha katika ofisi nyingine za serikali, na hatimaye, kuanzia tarehe 1 Januari 1827, katika mahakama zote.

Pana jambo la kuchekesha kidogo katika siasa ile. Somerset, akitaka hata kanisa la Kiholanzi lilainike liwe la Kiingereza, aliagiza wachungaji na walimu kutoka Uskochi, miongoni mwao Andrew Murray aliyefika mwaka 1822. Lakini kwa kuwa waumini hawakujua ila Kiholanzi, wachungaji hao walipelekwa kwanza Uholanzi kujifunza lugha ile ile waliyotumwa kuizika, na watoto wao wakaja kuwa nguzo za kanisa la Kiholanzi. Amri ya gavana ilipita katika ofisi moja baada ya nyingine. Katika nyumba haikupita.

Mahakamani mambo hayakuwa mepesi namna hiyo, na hapo ndipo ukalimani ulipoacha kuwa hisani ya mtumishi wa nyumbani ukawa haja ya dola. Mwaka 1828 Mahakama Kuu mpya ya Rasi ilifungua milango yake, majaji wake wametoka Uingereza, lugha yake ni Kiingereza, lakini sheria iliyopaswa kuhukumu kwayo ilikuwa ni ile ile ya kale, sheria ya Kirumi na Kiholanzi, ambayo vitabu vyake viliandikwa kwa Kilatini na Kiholanzi. Tafakari hali hiyo: jaji hawezi kusoma sheria kwa urahisi, mdai hawezi kufahamu hukumu, na baina yao ameketi karani mmoja anayetakiwa kuwafahamisha wote wawili. Mkulima wa Swellendam au Graaff-Reinet aliyekuja kutoa ushahidi juu ya mpaka wa shamba lake alisema kwa lugha yake, maneno yake yakageuzwa, yakaandikwa kwa Kiingereza, naye akatia sahihi chini ya ibara ambazo hakuweza kuzisoma. Na kama alikuwa Mkhoikhoi au mtumwa, alitia alama ya msalaba. Ndiyo maana mwaka ule ule wa 1828 Jabez Henry alichapisha mjini London tafsiri ya kitabu cha sheria cha Van der Linden, na mwaka 1845 Charles Herbert akakitia katika Kiingereza kile kitabu mashuhuri cha Grotius cha utangulizi wa sheria ya Uholanzi, kilichokuja kufasiriwa tena na Maasdorp mwaka 1878 na Lee mwaka 1926. Msomaji wa sheria wa Afrika Kusini mpaka leo hunukuu tafsiri hizo kana kwamba ndizo asili, na pengine hii ndiyo sifa kubwa kuliko zote awezayo kuipata mfasiri, ingawa humfuta jina.

Sisi wa pwani ya Afrika ya Mashariki hatuna budi kusimama kidogo mahali pamoja ambapo habari hii inatugusa. Wakati wakubwa wa Cape Town walipokuwa wakibishana kama Kiholanzi kiandikwe au kisiandikwe, Waislamu wa mji huo, wengi wao wakiwa wazao wa watumwa na wa masheikh waliohamishwa kutoka visiwa vya Indonesia, walikuwa tayari wakiiandika lugha yao ya kila siku katika madrasa, kwa hati ya Kiarabu, kama wazee wetu walivyoandika tenzi za Lamu na Pate. Mwaka 1863 alifika kwao Abu Bakr Effendi, mwanachuoni Mkurdi aliyetumwa na Sultani Abdulaziz wa dola ya Uthmani. Akajifunza lugha ya mtaa, na mwaka 1869 akatunga kitabu cha fiqhi kiitwacho Bayanuddin, ibara za Kiarabu zikifuatwa na maelezo ya Kiafrikana, yote kwa herufi za Kiarabu, kikapigwa chapa Istanbul mwaka 1877. Yeye alikuwa wa madhehebu ya Hanafi, na watu wa Rasi ni Mashafii kama sisi, kwa hiyo mabishano hayakukosekana, hata juu ya halali ya viumbe vya bahari vinavyoliwa kule; lakini kwa mwanahistoria wa lugha, kitabu kile ni hazina, kwa kuwa irabu za hati ya Kiarabu zilihifadhi matamshi ambayo waandishi wa herufi za Kirumi, kwa kuiga tahajia ya Uholanzi, waliyaficha. Kilipotiwa katika Kiingereza na Mia Brandel-Syrier mwaka 1960, hiyo ilikuwa tafsiri kutoka Kiafrikana kwenda Kiingereza ambayo mfasiri wa kawaida wa ofisi za Pretoria asingaliiweza, kwani asingalijua aanze kuusoma ukurasa kutoka upande gani.

Makaburu wenyewe waliamka baadaye. Chama cha Waafrikana wa Kweli kilianzishwa mjini Paarl mwaka 1875, gazeti lake likafuata mwaka 1876, na kwa juhudi za Jan Hofmeyr na wenzake Bunge la Rasi, lililokuwa likisema Kiingereza tu tangu mwaka 1854, liliruhusu Kiholanzi katika mijadala yake mwaka 1882, na mahakama zikaruhusiwa mwaka 1884. Kaskazini ya Mto Vaal gurudumu lilizunguka kinyume: katika jamhuri ya Makaburu lugha ya serikali ilikuwa Kiholanzi peke yake, na baada ya dhahabu kufumbuliwa Witwatersrand mwaka 1886, Waingereza waliojaa Johannesburg ndio waliosimama mbele ya hakimu wakingojea mkalimani, wakanung'unika kwamba ni dhuluma, manung'uniko ambayo ndugu zao wa Rasi walikuwa wameyasikia kwa miaka 60 kutoka kwa wengine wala hawakuyaona mazito.

Lakini mtu aliyeipandisha kazi hii mpaka ikawa elimu hakuwa Mwingereza wala Kaburu. Solomon Tshekisho Plaatje alizaliwa mwaka 1876 katika nchi ya Orange Free State, akalelewa katika misheni ya Wajerumani huko Pniel, akafanya kazi ya kupeleka barua katika posta ya Kimberley, na mwaka 1898, mwaka aliooa, akaenda Mafeking kuwa mkalimani wa mahakama ya hakimu Charles Bell. Kimberley alikuwa ameona mfano mwema, maana shemeji yake Isaiah Bud-M'belle alikuwa mkalimani wa Mahakama Kuu ya Griqualand West, mtu aliyeweza kupokea Kiingereza na Kiholanzi na kuvigawa katika lugha kadhaa za Kiafrika bila kusitasita. Plaatje naye alijua Setswana, Kiholanzi, Kiingereza, Kijerumani kiasi, na lugha nyingine za jirani, akafanya mtihani wa utumishi wa serikali ya Rasi, ambamo katika somo la Kiholanzi aliwashinda watahiniwa wazungu.

Ili kuifahamu kazi yake, tuseme Kaburu mwenye shamba amemshitaki Mtswana mmoja kwamba ameswaga ng'ombe wake. Hakimu anauliza kwa Kiingereza. Mkalimani anamgeuzia mlalamikaji kwa Kiholanzi cha shambani, ambacho si kile cha vitabu, na jibu lake linarudi kwa hakimu katika Kiingereza cha mahakama. Kisha jibu hilo hilo lazima lipelekwe kizimbani kwa Setswana, kwa sababu mshitakiwa ana haki ya kujua anachosingiziwa. Na mshitakiwa akijibu, jibu linapita njia ile ile kurudi, mara mbili, kwa lugha mbili. Mkalimani hana ruhusa ya kupumua mahali pabaya. Rangi za ng'ombe, ambazo kwa Mtswana zina majina mengi, dume jina lake na jike jina lake, zinataka kupata maneno katika Kiingereza kisichokuwa nayo. Saa ya tukio, ambayo shahidi anaitaja kwa mahali jua lilipokuwa, inataka kugeuzwa kuwa saa ya ukutani. Na matusi, ikiwa yametamkwa, yanatakiwa yaandikwe kama yalivyotamkwa, kwa kuwa pengine kesi yote imesimama juu ya tusi moja. Plaatje aliandika makala juu ya mkalimani na umuhimu wake katika mahakama, ambayo haikuchapishwa maishani mwake, akieleza kwamba kujua kusema lugha hakutoshi, na kwamba kosa la mkalimani mmoja asiyejua kazi laweza kumtia mtu asiye na hatia kifungoni huku hakimu akilala usingizi wa adili.

Vita baina ya Waingereza na Makaburu vilipozuka, Mafeking ikazingirwa na majeshi ya Makaburu tarehe 13 Oktoba 1899, na mazingiwa yale yalidumu siku 217. Plaatje aliendelea kukalimani katika mahakama ya vita, ambayo iliweza kumhukumu mpelelezi kifo. Akapiga taipu kwa ajili ya waandishi wa magazeti ya Uingereza, akaandika taarifa zilizoletwa na wapelelezi Waafrika waliopenya usiku katika safu za adui, na usiku akaandika shajara yake, kwa Kiingereza kilichotiwa Setswana, Kiholanzi na Kixhosa kila alipoona hakitoshi. Shajara ile ilichapishwa mwaka 1973. Mwaka 1902 aliiacha kazi ya serikali akawa mhariri wa gazeti, na dunia inamjua zaidi kwa vita vyake dhidi ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913 na kwa kumtia Shakespeare katika Setswana. Mimi namwona kwanza mahakamani, kalamu sikioni, akiwatumikia watu watatu wasiosikilizana.

Vita vilipokwisha, mkataba uliotiwa sahihi Pretoria tarehe 31 Mei 1902 uliruhusu Kiholanzi mahakamani pale haja ya haki ilipokitaka, na mashuleni kwa wazazi waliokitaka. Miongoni mwa makatibu wa Makaburu katika mazungumzo yale alikuwa mchungaji J. D. Kestell, ambaye baba yake alikuwa Mwingereza. Muungano wa Afrika Kusini ulipoundwa mwaka 1910, Kiingereza na Kiholanzi vilifanywa sawa kwa sheria, na usawa huo ukatengenezewa ufundi wa ajabu: kila muswada wa sheria ulipelekwa kwa Gavana Mkuu katika nakala mbili, moja ya kila lugha, naye akitia sahihi mojawapo tu, kwa zamu, sheria hii Kiingereza na ile inayofuata Kiholanzi, na ikitokea nakala mbili zikapingana, ile iliyotiwa sahihi ndiyo inayoshinda. Kwa hiyo mfasiri wa Bunge hakujua, alipokuwa akihangaika na ibara usiku, kama anaandika sheria au anaandika kivuli chake. Mawakili walijifunza haraka kusoma nakala zote mbili, na kuitumia moja kuangazia nyingine pale iliposhindwa kuisahihisha. Na mashauri yasiyo machache yaliamuliwa kwa tofauti ya neno moja baina ya kurasa mbili zilizokabiliana.

Mwaka 1925 sheria ilitamka kwamba palipotajwa Kiholanzi Kiafrikana kimo, na mara serikali nzima ikawa na njaa ya wafasiri. Gazeti la serikali, fomu za reli, dawa za mifugo, kanuni za migodi, vyote vilitaka kupata mwili wa pili. Stempu za posta zilizotolewa kuanzia mwaka 1926 zilichapwa kwa jozi, moja Kiingereza na mwenzake Kiafrikana, kando kwa kando katika karatasi moja, na wakusanyaji wa stempu mpaka leo huzikataa zikitenganishwa. Mwaka 1922 sehemu za Biblia zilikuwa zimejaribiwa kutolewa kwa Kiafrikana kwa kuifuata tafsiri ya Kiholanzi, watu wakazikataa kuwa si Kiholanzi wala si Kiafrikana. Ikabidi wafasiri watano waanze upya kutoka Kiebrania na Kiyunani, mmoja wao akiwa yule yule Kestell, sasa ni mzee, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1933. Kamusi za lugha mbili zikafuata, na kamusi za sheria, na idara za lugha zenye madawati na mishahara ya kudumu. Mwaka 1956 kikaundwa Chama cha Wafasiri cha Afrika Kusini, ambacho baadaye kiliweka mitihani ya kuwathibitisha wanachama, ikasahihishwa na wakongwe wa kazi.

Ni haki kusema kwamba hapo ndipo kazi ilipopata heshima yake, na ni haki pia kusema heshima hiyo ilipewa nani. Mfasiri wa Kiingereza na Kiafrikana alikuwa mtumishi mzungu wa serikali. Mkalimani wa mahakama ya wilaya, aliyejua hizo zote mbili pamoja na Kizulu, Kisotho na Kitsonga, na aliyetakiwa kuzihama kutoka moja kwenda nyingine bila karatasi na bila muda wa kufungua kamusi, alibaki karani wa chini, Mwafrika, akisimama siku nzima. Hata pale sheria ya mahakimu ya mwaka 1944 ilipomlazimisha hakimu kumwita mkalimani hodari kila mshitakiwa asipofahamu vya kutosha lugha ya ushahidi, haikusema lolote la kumfanya huyo hodari apate malipo ya uhodari. Na kuhusu siasa ya kulazimisha nusu ya masomo ya watoto Waafrika yafundishwe kwa Kiafrikana, iliyotolewa mwaka 1974 na kuwatoa wanafunzi wa Soweto barabarani tarehe 16 Juni 1976, hapana haja ya kurefusha maneno. Waliopigwa risasi siku ile hawakuwa wamekosa mfasiri.

Baada ya utawala wa ubaguzi wa rangi kwisha, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipokaa kikao chake cha kwanza East London tarehe 15 Aprili 1996, chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu, wakalimani walioandaliwa na Chuo Kikuu cha Free State kule Bloemfontein waliketi katika vibanda vya vioo, wakisema papo hapo kile wanachokisikia masikioni, na kanuni ya kazi yao iliwataka waseme kwa nafsi ya kwanza. Polisi wa zamani aliyeomba msamaha aliposimulia kwa Kiafrikana jinsi alivyomtesa mfungwa, maneno yake yalitoka kwa Kiingereza, pengine katika sauti ya kijana Mwafrika, yakisema mimi nilifanya, mimi nilipiga. Na mama wa marehemu alipolia kwa Kixhosa, kilio kile kilitakiwa kupita kwa mpangilio katika kinywa cha mwingine mpaka kifike kwa waliosema Kiingereza na Kiafrikana. Wakalimani hao waliumia, na baadhi yao walisema baadaye kwamba waliyatoa maneno ya wengine mchana, yakawarudia usiku. Sijui kazi nyingine ya lugha katika bara letu iliyodai zaidi ya hiyo.

Leo anayetaka mfasiri wa kutegemewa baina ya lugha hizi ana njia mbili zilizonyooka. Ya kwanza ni daftari la Chama cha Wafasiri nilichokitaja, ambamo waliofaulu mitihani wameorodheshwa kwa lugha na kwa mwelekeo, maana aliyefuzu kutoka Kiafrikana kwenda Kiingereza hahesabiwi kwa hilo kuwa amefuzu kinyume chake. Na tangu mwaka 2014 ipo pia sheria ya kuunda baraza la wataalamu wa lugha. Ya pili ni mfasiri wa kiapo, ambaye kwa kanuni ya 59 ya Mahakama Kuu hakubaliwi mpaka apimwe na mfasiri wa kiapo aliyekwisha kufanya kazi hiyo kwa miaka 7 au zaidi, kisha asimame mbele ya mahakama ale yamini. Hati anayoitoa hutambulikana mara moja: nakala ya asili imeunganishwa na tafsiri, kila ukurasa una herufi za jina lake, mihuri imeelezwa mahali ilipo, maneno yasiyosomeka yametajwa kuwa hayasomeki wala hayakubuniwa, na mwisho kuna sahihi na mhuri wake mwenyewe. Wateja wake wengi ni watu wanaohamia ng'ambo na vyeti vyao vya zamani, na wanaodai ardhi waliyonyang'anywa babu zao, ambao ushahidi wao umo katika hati za umilikaji na madaftari ya ubatizo yaliyoandikwa kwa mkono, kwa Kiholanzi cha wino uliofifia, kabla Kiafrikana hakijapewa jina katika sheria. Yafaa kumwuliza mfasiri, kabla ya kumpa ujira, kama aliwahi kusoma hati za namna hiyo. Wengi wenye Kiafrikana safi hukwama katika mstari wa kwanza.

Mwaka 2017 wakuu wa mahakama za Afrika Kusini waliazimia kwamba kumbukumbu za Mahakama Kuu ziwe kwa Kiingereza peke yake, hatua ambayo Somerset angaliipigia makofi. Katiba inamhakikishia mshitakiwa kusikilizwa kwa lugha anayoifahamu, au kufasiriwa, na wengi wa wanaosema Kiafrikana nyumbani si wazungu. Ni vibarua wa mashamba ya mizabibu, wavuvi, na watu wa miji ya Jimbo la Rasi ya Kaskazini ambako ndiyo lugha inayosemwa na zaidi ya nusu ya watu. Kibarua wa Upington akisimama kutoa ushahidi hulishwa kiapo kwa Kiafrikana, hujibu kwa Kiafrikana, na jaji, ambaye mara nyingi amemfahamu kabla mkalimani hajafungua kinywa, hana budi kungojea Kiingereza kitamkwe, kwa kuwa hicho ndicho kitakachopigwa chapa katika mwenendo wa kesi. Maneno ya shahidi mwenyewe hubaki katika kinasa sauti, na husikilizwa tena pale tu wakili mmojawapo atakaposimama na kupinga kwamba hakufasiriwa sawasawa.